Wauza madesa ya Fizikia hapa Tanga, mnatuharibia wadogo zetu!

Wakuu, nimeshindwa kunyamaza. Mdogo wangu yuko kidato cha sita, kanunua desa kwenye stesheneri moja huku Ngamiani. Kaliandaa mwalimu wa twisheni anayejaza ukumbi kila Jumamosi. Ndani kaandika, tena kwa wino mzito, kwamba elektroni ikisisimuliwa (ikipewa nishati ikapanda juu) katika metali yoyote hukaa sekunde 10⁻⁸ ndipo irudi chini. Metali YOYOTE!

Hiyo 10⁻⁸ ni ya atomu iliyo peke yake. Kwenye mvuke wa sodiamu, zile taa za njano, elektroni husubiri kama nanosekunde 16 (nanosekunde ni sekunde 10⁻⁹) ndipo itoe mwanga, maana haina jirani wa kugongana naye. Ndani ya metali majirani wamejaa tele. Ikipanda juu ya kiwango cha Fermi, yaani kimo cha nishati ambacho elektroni zilizotulia zinajaza mpaka hapo, inazigonga nyingine, inazigawia nishati, kwisha habari. Huko tunahesabu femtosekunde, yaani sekunde 10⁻¹⁵. Desa limekosea karibu mara milioni!

Halafu metali hazifanani. Shaba, fedha na dhahabu bendi yao ya d (kundi mojawapo la viwango vya nishati vya elektroni) imejaa na imezama: kama elektrovolti 2 (kipimo cha nishati) chini ya Fermi kwa shaba na dhahabu, karibu 4 kwa fedha. Elektroni yenye elektrovolti 1 ya ziada haina ubavu wa kuzitikisa zile za d, ndiyo maana inadumu makumi ya femtosekunde. Chuma, nikeli na kobalti? Bendi ya d iko palepale kwenye Fermi, za kugongwa zipo na nafasi tupu zipo. Femtosekunde chache tu, imeisha. Na kobalti, kwa kuwa ni sumaku, muda unategemea hata spini ya elektroni yenyewe, ile sifa yake ya kisumaku ya kuelekea juu au chini.

Nishati nayo hakuigusa kabisa. Kwa nadharia ya mwanafizikia Landau, ukizidisha mara mbili nishati iliyo juu ya Fermi, muda unabaki robo.

Nikampigia, shikamoo nikampa. Jibu lake: "Dogo, nani kapima hivyo vitu?"

Vimepimwa, mwalimu! Pigo la kwanza la lesa linaipandisha elektroni, la pili linaichomoa nje ya metali. Unalichelewesha la pili kidogo kidogo, unaangalia zimebaki ngapi. Mwafrika mwenzetu Ahmed Zewail wa Misri alipewa Nobel ya Kemia 1999 kwa kuchunguza kemia kwa mapigo ya femtosekunde. Wewe bado unauliza nani kapima.

Nataka hela ya mdogo wangu irudi, na ukurasa ule urekebishwe kabla ya Jumamosi. Mwenye stesheneri, najua humu unapita. Acha kutoa kopi.