Mjadala: Je, mtandao wa kijamii uruhusiwe kubadilisha mlango wake wa papo hapo bila kutupatia muda?

Mtoa mada, Himbi, Goma

Bandugu, swali hili limenikaa kooni muda mrefu. Nalileta mbele ya wote, maana wasanidi programu peke yao hawawezi kulimaliza.

Baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka usiku wa 22 Mei 2021, mimi na wenzangu watatu tuliunda programu ndogo. Ilisikiliza mtandao mmoja wa kijamii saa zote, ikaokota kila ujumbe wenye maneno kama Nyiragongo au tetemeko, au majina ya mahali kama Sake na Buhene. Sisi tulizisoma habari hizo, tukazipembua, kisha programu ikawatumia SMS wakuu wa avenu na wa nyumba kumi waliokubali kuzipokea. Wengi wao hawana simu ya intaneti. Wana simu ya vibonyezo, na kwao SMS inatosha.

Programu ile ilikunywa kwenye mkondo wa papo hapo, yaani mlango ambao mtandao huzifungulia programu za nje zichote ujumbe. Kwa asiyejua: kwa kawaida programu hubisha hodi kwenye seva, huuliza kama kuna jipya, hujibiwa, huondoka. Mkondo ni robine iliyoachwa wazi. Unaunganisha mara moja tu, na kila ujumbe unaoandikwa unakufikia ndani ya sekunde chache. Kukiwa hakuna ujumbe, seva hutuma mstari mtupu kila baada ya sekunde 20 au 30, ili ujue kwamba bado iko hai.

Siku moja mistari mitupu iliendelea kuja, ujumbe haukuja. Tukadhani watu wametulia. Kumbe wenye mtandao walikuwa wamebadilisha jinsi ya kuandika maneno ya kuchuja, na maneno yetu ya zamani hayakunasa kitu tena. Programu haikuanguka wala haikutoa kosa. Ilinyamaza tu. Tangazo lilikuwapo, kwa Kiingereza, katika ukurasa ambao hatukuwa na mazoea ya kuufungua, na lilitolewa siku tisa kabla. Sisi tuligundua siku nne baada ya mabadiliko. Katika siku hizo nne ardhi ilitikisika mara moja, si kwa nguvu, na mama mmoja mkuu wa avenu akanipigia: «Mtoto wangu, mbona mulinyamaza?»

Sikuwa na jibu la kumpa.

Msimamo wangu ni huu: mtandao ukishafungua robine kwa umma na kuwaalika watu wajenge juu yake, usiibadilishe kabla ya miezi sita kupita tangu tangazo, na katika miezi hiyo mlango wa zamani na mpya ifanye kazi pamoja. Na siku ya kuufunga wa zamani, useme wazi kwamba umefungwa. Kimya kinadanganya. Anayepinga aseme, nitamsikiliza.

Mchangiaji, Katindo, Goma

Pole kwa yaliyowapata, ndugu. Lakini mimi napinga.

Nyumba ina mwenyewe. Mulichota bure, hamkusaini mkataba wowote wa miezi sita, na sasa munataka mwenye nyumba aombe ruhusa kabla ya kuhamisha mlango? Tena mlango wa zamani na mpya kwa pamoja ni seva mbili za kulipia. Halafu kuna milango ambayo ni lazima ifungwe leo leo. Kumbuka kisa cha Cambridge Analytica, kampuni ya ushauri wa siasa: data za watu wanaofikia milioni 87 zilitoka Facebook kupitia mlango kama huu unaoutetea. Aprili 2018 Facebook ikabana milango mingi kwa ghafla, na programu nyingi za watu wasio na hatia zikafa. Ungetaka wangoje hadi Oktoba?

Na miezi mingi haiponyi. Twitter ilipoamua kufunga mkondo ambao programu za watu wengine ziliutegemea, ilisema mapema, mwaka 2017. Tarehe ya kwanza ilikuwa Juni 2018, ikasogezwa hadi Agosti 2018. Bado siku ilipofika kilio kilikuwa kile kile. Mtu anayeamka siku ya mwisho ataamka siku ya mwisho hata ukimpa mwaka.

Mtoa mada

Ndugu wa Katindo, data zinapovuja, wafunge usiku huo huo, nitawapigia makofi. Hilo tusilichanganye na mengine.

Tuangalie kisa ambacho hakikuwa na uvujaji wowote. Tarehe 2 Februari 2023 Twitter ilitangaza kwamba baada ya wiki moja mlango wa bure utakwisha. Wiki moja! Tarehe 6, ndani ya wiki hiyo hiyo, tetemeko likapiga Uturuki na Syria. Wasanidi programu wa kujitolea walikuwa wakitumia mlango ule kuokota ujumbe wa watu waliofukiwa chini ya kifusi, wenye anwani na majina ya mitaa. Wakalazimika kumwomba mwenye mtandao asifunge huku wenzao wanachimba. Tarehe ilisogezwa, ikasogezwa tena, na bei mpya zikatoka mwisho wa Machi. Hapo palikuwa na hatari gani ya usalama? Palikuwa na hesabu ya fedha tu. Hesabu ya fedha inaweza kungoja miezi sita.

Mchangiaji, Birere, Goma

Munazungumza muda, mimi nazungumza bei. Daraja la chini la kulipia la Twitter lilianza kwa dola 100 kwa mwezi, mwaka 2024 likapanda hadi 200. Mkondo wenyewe wa papo hapo uliwekwa kwenye daraja la dola 5,000 kwa mwezi. Hata kama tungechanga, tungelipa kwa kadi gani? Tangu mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23 mwisho wa Januari 2025, benki zilifunga milango hapa Goma. Miezi sita ya taarifa kwa mtu asiye na benki ni miezi sita ya kutazama mlango ukifungwa.

Mchangiaji, Ibanda, Bukavu

Mimi ni mwanamke wa redio, nimefanya kazi hiyo miaka kumi na minne, na niwaambie wadogo zangu jambo ambalo halitawafurahisha.

Usiku ule wa 22 Mei, watu wa Goma walijuaje? Waliona mbingu nyekundu. Walipigiana simu. Walitoka na magodoro kichwani kuelekea Sake na Gisenyi kabla ya tangazo lolote. Kituo cha kuchunguza volkano, OVG, kilikuwa kimepita miezi kadhaa bila fedha hata za kulipia intaneti ya vipimo vyake. Tatizo lilianzia hapo, kwenye vipimo, mbali kabisa na mlango wa mtandao wa kijamii. Ukiunganisha SMS yako na watu wanaoandika mtandaoni, unapata walichokiona kwa macho. Lava ikishaonekana kwa macho, umechelewa.

Na hebu tukumbuke 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi. Intaneti ilikatwa Kongo nzima, ikarudi karibu tarehe 20 Januari 2019. Wiki tatu hivi. Katika wiki hizo mkondo wenu ungeleta nini? Hata mstari mtupu usingefika.

Redio ya FM haikuomba ruhusa kwa mtu wa California. Mkulima wa Kabare anaisikiliza kwa betri mbili. Sisemi mutupe programu yenu, ila munaipa mgeni ufunguo wa nyumba, kisha munalia akibadilisha kitasa. Hizo nguvu za kudai haki kwa kampuni za ng'ambo, mungezitumia kudai OVG ipewe fedha kila mwaka bila kusubiri wafadhili. Hilo ndilo lingeokoa mtu.

Mchangiaji, Kamalondo, Lubumbashi

Yaya wa Ibanda amesema kweli, lakini naona ameuvuka mto bila kuangalia daraja. Mimi naishi kwa kazi hii ya programu, nataka nionyeshe kwamba mabadiliko mazuri yanawezekana, maana yameshafanyika.

Novemba 2010 Twitter ilibadilisha jinsi ya kuupa kila ujumbe namba yake. Namba mpya zilikuwa ndefu kuliko lugha ya programu ya JavaScript inavyoweza kushika kwa usahihi, kwa sababu lugha hiyo inashika namba kamili hadi 2 kwa kipeo cha 53 tu. Zaidi ya hapo tarakimu za mwisho zinageuka, na programu yako inaonyesha ujumbe wa mtu mwingine. Walifanyaje? Hawakuing'oa namba ya zamani. Waliongeza pembeni yake namba ile ile ikiwa imeandikwa kama maandishi. Ambaye programu yake haikuathirika aliendelea kama zamani, aliyeathirika akahamia pembeni. Ujumbe ulipopanuliwa hadi herufi 280 mwaka 2017, njia ilikuwa ya aina hiyo hiyo: nafasi ya zamani ilibeba maandishi yaliyokatwa, yenye alama ya kusema yamekatwa, na maandishi kamili yakakaa katika nafasi mpya. Ongeza, usibadilishe. Hilo halihitaji seva mbili, ndugu wa Katindo, linahitaji adabu.

Facebook nayo mwaka 2014 iliahidi kwamba kila toleo la mlango wake mkuu litaishi angalau miaka miwili. Kwa hiyo, miezi sita anayoomba Himbi haitoki mbinguni.

Kuhusu sheria: Umoja wa Ulaya una kanuni ya 2019, namba 1150, inayotaka majukwaa yanayouzisha bidhaa na huduma za wafanyabiashara yawape taarifa ya siku 15 au zaidi kabla ya kubadilisha masharti, na muda urefushwe pale mfanyabiashara anapohitaji kurekebisha mitambo yake. Sheria yao ya huduma za dijitali, kifungu cha 40, inayataka majukwaa makubwa sana yawape watafiti wanaotimiza masharti data zilizo wazi kwa umma, hata za papo hapo pale inapowezekana kiufundi. Mama wa nyumba kumi wa Goma si mfanyabiashara wala mtafiti wa Ulaya. Sisi tuna sheria ya dijitali ya 13 Machi 2023, lakini soko letu ni dogo, kampuni hizo haziogopi Kinshasa. Pengine Umoja wa Afrika wangeuogopa.

Himbi, nikuulize kwa upendo: kwa nini programu yenu haikuwa na kengele ya kimya? Saa sita bila ujumbe hata mmoja wenye neno Sake, mtu apigiwe simu. Hilo lilikuwa mikononi mwenu.

Mchangiaji, Majengo, Goma

Mimi ni mzee, programu sizijui. Lakini Desemba 1979 naikumbuka. Serikali ya Zaire ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na 10 hazifai tena, na watu wakapewa siku chache za kubadilisha. Wenye marafiki benki walibadilisha. Mwanamke wa kijijini aliyeficha akiba yake kwenye chungu, habari ilimfikia noti zimeshakuwa karatasi. Aliyetangaza alisema alitangaza. Siku chache si sawa kwa mtu wa karibu na mtu wa mbali. Kijana wa Katindo anasema anayelala atalala tu. Hapana. Kuna anayelala, na kuna ambaye tangazo halikumfikia.

Mchangiaji, Katindo, Goma

Papa, hapo umenigusa. Lakini bado nasema: yule mwanamke wa chungu alishikwa na serikali yake mwenyewe, hakuwa na noti nyingine. Himbi alikuwa na njia nyingine, yaani mitandao mingine. Telegram inatoa mlango wa roboti bure. Mastodon mkondo wake hauna malipo, na unaweza kuweka seva yako mwenyewe. Bluesky inatiririsha ujumbe wote wa umma bila malipo.

Mtoa mada

Kaka, milango hiyo naijua, na mmoja tumeanza kuutumia. Lakini mkondo unafaa ukiwa na watu ndani yake. Mtu wa Sake akiona moshi haandiki Mastodon. Anaandika pale walipo jamaa zake. Kampuni inauza nini kama si ule mkusanyiko wetu? Ujumbe ule tumeandika sisi, kwa mega tulizonunua sisi. Ndiyo maana neno «bure» linanichoma.

Kengele ya kimya, Kamalondo, ni kosa letu, nalikubali bila kona. Tumeshaiweka. Sasa saa tatu zikipita bila ujumbe, simu zetu zote nne zinalia, na wakuu wa avenu wanapata SMS moja: «Hatusikii kitu, musitutegemee hadi tuwaambie.» Yule mama alisema SMS hiyo ndiyo aliyoipenda kuliko zote.

Yaya wa Ibanda, nimesoma maneno yako mara tatu. Kuhusu OVG sina cha kubishana. Naondoa neno «tahadhari» katika programu yetu, tutaiita «habari za mtaani», kwa sababu ndivyo ilivyo. Dai la miezi sita siliondoi. Na kuongeza bila kung'oa, kama Kamalondo alivyoeleza, naliweka juu ya miezi sita. Barua nitaiandika kwa Kiswahili na Kifaransa, iende kwa mdhibiti wa mawasiliano wa nchi, ARPTC, na kwa Umoja wa Afrika.

Mchangiaji, Ibanda, Bukavu

Andika. Mimi nitaisoma redioni, pande zote mbili za hoja, na ndugu wa Katindo aje asome yake mwenyewe kwa sauti yake. Na barua ya pili, ya OVG, nataka sahihi yako ya kwanza.

Mchangiaji, Katindo, Goma

Ya OVG natia sahihi leo. Ile nyingine, nioneshe kwanza umeandika nini kuhusu data zinazovuja.