Dawa za mimea za kuotesha mishipa baada ya kiharusi: bima zilipie au tusubiri?

Mzee_wa_Hoja (mleta mada)
Wakuu, salaam. Naomba tulijadili hili bila matusi. Mgonjwa wa kiharusi kwetu akiruhusiwa kwenda nyumbani anapewa dawa za presha, aspirini na maelekezo ya mazoezi ya viungo. Basi. Wenzetu China wana dawa zilizotokana na mimea ambazo wanasema zinausaidia ubongo kuotesha mishipa midogo mipya ya damu pembeni ya sehemu iliyoathirika. Kuna butilfitalaidi, asili yake mbegu za seleri, wameiruhusu tangu 2002. Kuna za mzizi wa danshen, kuna za ginseng. Swali langu: bima zetu zianze kulipia dawa hizi, na sisi tuichunguze miti yetu kwa mtindo huohuo? Taasisi ya Tiba Asili pale Muhimbili ipo tangu 1974. Tunasubiri nini?

Kibopa_Mbagala
Walipie, tena jana. Kwinini ni gome la mti. Dawa mseto ya malaria unayomeza imetoka kwenye artemisia, yule mama wa Kichina Tu Youyou akapewa Nobel 2015. Sisi wasomi wetu wanaicheka miti mpaka iwarudie ikiwa ndani ya boksi lenye maandishi ya kigeni, hapo ndipo wanaiandikia cheti. Wachina wamepima maelfu ya watu na wamepona.

Sindano_Baridi
Taratibu, Kibopa. Kiharusi ni viwili: kuna mshipa kuziba na kuna mshipa kupasuka. Kwa macho huwezi kuvitofautisha, mdomo unapinda vilevile, mkono unalegea vilevile. Bila picha ya CT, ile ya kuona ndani ya kichwa, unabahatisha tu.

Halafu hiyo kuotesha mishipa ina wakati wake. Mwili hutumia protini inayoitwa VEGF kuita mishipa mipya, na protini hiyohiyo huifanya mishipa ivuje. Panya waliopewa VEGF saa moja baada ya kiharusi walivuja damu kichwani zaidi na eneo lililokufa likaongezeka. Waliopewa baada ya saa 48 ndio walioota mishipa na kupata nafuu. Kitu ni kilekile, saa ndiyo iliyobadilika. Sasa wewe mnyweshe mzee mchemsho siku ya kwanza uone.

Na afadhali huko kwenu. Mimi nimefanya kazi Tanga: mtu anadondoka, mdomo umekwenda upande, wanasema kapigwa na jini. Anafungiwa ndani, anasomewa, anachuliwa kwa mafuta ya nyonyo, anafikishwa kwetu siku ya tatu.

Binti_Makorora
We Sindano, Tanga imekukosea nini? Umekula mishahara yetu na samaki wetu, leo unatutangaza. Jini yuko Tanga peke yake? Nenda Sumbawanga, nenda Shinyanga ukaone watu wanavyochanjwa chale kwa kiharusi hichohicho. Na huko hospitali mnakotusifia, sisi tulimpeleka babu yetu usiku, tukaambiwa mashine ya picha mbovu, nendeni mkoa mwingine. Mnataka tukae benchi tumtazame? Tukamrudisha nyumbani, shehe akamwandikia kombe akanywa. Angalau kuna mtu alimshika mkono.

Ngosha_Halisi
Shinyanga imeingiaje hapa?

Mgosi_wa_Kaya
Binti, mjibu kistaarabu tu, hawa wakija Tanga wanajifanya hawaamini, jioni unawakuta wanaulizia mganga wa kupandishwa cheo.

Sindano_Baridi
Sijasema Tanga peke yake. Nimesema nilichokiona. Mtu akisema aliona mvua Moshi hajasema Bukoba hainyeshi.

Binti_Makorora
Umeona wangapi wakaja mapema? Hao hukuwaandika.

Mzee_wa_Hoja
Wakuu, tunatoka nje ya mada. Dawa zilipiwe au zisilipiwe?

Takwimu_Tu
Nimjibu Kibopa kwanza maana kaandika "wamepona" kwa raha zake. Utafiti mkubwa wa butilfitalaidi ulitolewa 2023, wagonjwa 1,216, wote wa mshipa kuziba. Baada ya siku 90 waliokuwa na hali nzuri ni asilimia 56.7 kwa waliopewa dawa, na 44.0 kwa waliopewa dawa bandia, yaani isiyo na kitu ndani, ya kulinganishia tu. Ni matokeo mazuri, siyabezi. Lakini hawa ni watu waliofika hospitali mapema, wakayeyushiwa donge la damu au wakavutwa donge lenyewe kwa mrija, na dawa wakaanzishiwa ndani ya saa 6. Kipimo kilikuwa anajimudu kiasi gani, si mishipa mingapi imeota. Habari ya mishipa kuota kwa sehemu kubwa ni habari ya panya.

Na butilfitalaidi ya hospitali hutengenezwa maabara. Shamba la seleri halihusiki tena.

Kibopa_Mbagala
Ahaa, kwa hiyo umekubali inafanya kazi.

Takwimu_Tu
Nimekubali inafanya kazi kwa mtu ambaye tayari amepata tiba ambayo wewe na mimi hatuipati. Soma tena. Na usichague moja ukaficha lingine: mwaka 2024 walitoa matokeo ya mchanganyiko wao wa mitishamba kwa waliopasuka mshipa, wagonjwa 1,648. Haukuzidi dawa bandia. Wachina wenyewe ndio waliopima, wakatangaza. Hilo ndilo ninalolipenda kwao, wanaipeleka miti yao kwenye mizani hata kama itawaumbua.

Mama_Seleman
Samahanini jamani, hizo mbegu za seleri zinachemshwa au zinasagwa?

Kibopa_Mbagala
Saga mama, weka kwenye uji.

Takwimu_Tu
KIBOPA!

Ngosha_Halisi
Mimi nangoja nijibiwe kuhusu Shinyanga.

Mpiga_Picha_Stendi
Mnabishana juu ya panya, hamjaona tunayouziwa. Juzi stendi jamaa kapanda basini na chupa za maji ya kunywa zilizotumika, ndani maji ya rangi ya chai, kibandiko kimechapwa kikabandikwa upande. Nimesoma: INASAFISHA MISHIPA, INAOTESHA MISHIPA, KIHARUSI, NGUVU ZA KIUME, VIDONDA VYA TUMBO, KUPATA MUME. Nikamuuliza kuna mti gani humu, akasema "ni siri ya bibi". Nikamuuliza dozi, akasema kifuniko kimoja kwa mtoto, viwili kwa mtu mzima, kwa mwenye imani chupa nzima. Basi zima likacheka, na bado aliuza.

Kibopa_Mbagala
Huyo ni tapeli, usimpakazie kila mganga. Mbona mnapenda kutafuta mjinga mmoja mkaupigia muhuri ukoo mzima?

Mpiga_Picha_Stendi
Loliondo 2011, kwa yule Babu wa kikombe cha dawa, nako alikuwa mmoja? Kikombe shilingi 500, foleni ya magari kilometa kwa kilometa, wagonjwa walitolewa wodini wakapelekwa. Mti upo, mugariga, hata jina lake la kitaalamu linajulikana. Umeshaotesha nini?

Mgosi_wa_Kaya
Mwacheni Babu apumzike, ameshatangulia mbele ya haki.

Mpiga_Picha_Stendi
Simsemi marehemu, naisema foleni.

Sindano_Baridi
Niongeze moja halafu nikalale. Mnaandika "inaotesha mishipa" kama sifa tupu. Uvimbe wa saratani nao hauwezi kukua bila kujiotea mishipa. Kuna dawa ya saratani, bevasizumabu, tangu 2004 kazi yake ni kuizuia VEGF hiyohiyo. Mti ukiotesha mishipa kweli, nani amekwambia utaotesha kichwani tu na si kwenye uvimbe ambao mzee hajajua anao? Ndiyo maana tunauliza dozi, siku, na muda wa kuacha.

Kibopa_Mbagala
Sasa umeanza kututisha na saratani. Ukishindwa hoja ya kiharusi unaleta ugonjwa mwingine.

Mama_Seleman
Dokta Sindano usilale kwanza. Mama yangu anameza warfarini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa ajili ya moyo, jirani aliyetoka Guangzhou ameniletea vidonge vya danshen, eti vinafungua mishipa. Ndiyo mpaka nikaulizia seleri. Nimpe?

Sindano_Baridi
Usimpe, mama. Danshen ikikutana na warfarini damu inakuwa nyepesi kupita kiasi, anaweza kuvuja ndani bila ninyi kujua. Chukua pakiti nzima nenda nayo kliniki yake, usiwahadithie tu, waisome. Kama ameshameza, mpeleke mapema wampime damu. Na huo uji wa Kibopa pia uache.

Mama_Seleman
Alimeza viwili jana. Tunakwenda asubuhi. Asante mwanangu.

Kibopa_Mbagala
Mimi sikujua kama kuna warfarini! Angesema mwanzo.

Takwimu_Tu
Hukumuuliza. Ulisema saga.

Mzee_wa_Hoja
Basi tuseme hivi: mashine za picha kwanza kila mkoa, kisha dawa?

Binti_Makorora
Hilo ndilo nililosema tangu ukurasa wa kwanza, ila mlikuwa mnashughulika na jini. Na mashine ikiwepo iwe nzima, tena usiku.

Sindano_Baridi
Na mgonjwa aje na mtu anayejua mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi. Dawa ya kuyeyusha donge kwa kawaida haivuki saa 4.5 tangu hapo. Nikiuliza naambiwa "tangu jana jana hivi". Hapo mkononi sina cha kufanya hata nipewe seleri ya dunia nzima.

Binti_Makorora
Ungeanza na hayo bila kuitaja Tanga, tungeelewana mapema.

Sindano_Baridi
Nimekaa Tanga miaka, nina haki ya kuitaja.

Mgosi_wa_Kaya
Alioa huku huyu, ndiyo maana ana uchungu.

Sindano_Baridi
Mgosi, hilo ni la uzi mwingine.