Zebaki kwenye nywele: zikatwe wapi?

Swali: Wakuu wa Tanga, mjamzito anayekula papa kila mara na kupaka hina, nywele zake zitaonyesha zebaki? Na zinki je?

Jibu: Zebaki ya samaki, ndiyo. Kata kisogoni, karibu kabisa na ngozi, ufunge uzi upande wa shina ili maabara wasichanganye ncha. Nywele hukua kama sentimita 1 kwa mwezi, hivyo sentimita 3 za shinani ni miezi 3 iliyopita. Hina itajeni kwa maabara, dawa za kulainisha nywele nazo huharibu majibu.

Jibu: Zinki ya nywele msiitegemee, shampuu na vumbi huivuruga. Madini ya risasi nayo yapimeni kwenye damu, si nywele. Papa na nduaro, samaki wakubwa wenye zebaki nyingi, aache sasa hivi, asisubiri majibu! Dagaa wanamtosha.