Nimechukua Bedford ya zamani ya jeshi huko Kongwa, nianzie wapi bila kuumia?

Zabibu Kavu:
Wakuu, habari za jioni. Niko Hombolo, nalima zabibu. Mwezi uliopita nimenunua Bedford RL kwa familia moja ya Kongwa, lile lori la jeshi la Uingereza la miaka ya 1950, kichwa kimekalia injini, tairi zote nne zinavuta. Lilikuwa limelala chini ya mbuyu hadi kuku wanataga kwenye kiti. Marehemu mzee mwenye nalo aliwaambia watoto lilikuja na Mradi wa Karanga, ule wa Waingereza wa kulima karanga Kongwa. Sikubishana nao msibani, ila mradi ulikufa 1951 na RL zilikuwa bado hazijaanza kutoka kiwandani.

Nataka kulifufua na kijana wangu wikiendi. Fundi niliyemleta alishika spana akaanza na nati za gurudumu, zile nyekundu, tairi ina upepo. Mzee aliyekuwa anapita na baiskeli akapiga ukelele hadi spana ikaanguka. Akasema tu "mtakufa nyie", akapanda baiskeli yake. Tangu siku hiyo sijaligusa.

Pancha Kizota:
Huyo mzee mtafute umnunulie soda, au mbuzi kabisa. Rimu yako ni vipande viwili vilivyobanwa pamoja kwa nati. Tazama, kuna duara mbili: nati za katikati zinashika gurudumu kwenye habu, za nje ndizo zinashika rimu yenyewe isiachane. Waingereza walizipaka nyekundu makusudi, maana yake usiguse kama kuna upepo. Ukilegeza, upepo wote unasukuma kipande cha chuma kikujie usoni. Niliona moja ikipasuka kwenye gereji niliyojifunzia kazi, kipande kilitoboa bati la paa. Aliyekuwa akijaza alipona kwa sababu alikuwa amekaa pembeni.

Kwa hiyo toa upepo wote gurudumu likiwa bado kwenye gari. Chomoa kile kisindano cha ndani ya valvu. Upepo ukinyamaza usiamini: kutu huziba tundu, chomeka waya mwembamba uhakikishe. Hapo ndipo ufungue za katikati. Kipande chenye ufa au kilicholiwa na kutu hakichomelewi, kinatupwa. Kujaza ni ndani ya kizimba cha chuma kinachozuia vipande visiruke, mpira wa upepo uwe mrefu wenye kibanio, na wewe usikae mbele yake.

Dogo Area C:
Uza chuma chakavu mkuu, ununue Fuso.

Zabibu Kavu:
Fuso ninayo, mdogo wangu.

Kompresa Baba Lao:
Mimi la rimu simo. Ila ukifika kwenye breki, fungua dramu, piga kompresa, vumbi lote nje, kazi imeisha. Nafanya hivyo miaka 10 na niko mzima.

Sista Zamu ya Usiku:
Kaka yangu, miaka 10 ni michache. Breki shuu na gasketi za enzi hizo zilitengenezwa kwa asbesto, yale madini ya nyuzinyuzi, Uingereza yenyewe ilikuja kuipiga marufuku kabisa 1999. Vumbi lake likiingia kwenye pafu halitoki, na ugonjwa unaweza kusubiri miaka 20, 30, hata 40. Halafu unapuliza Dodoma, na upepo huu wa Agosti? Umewagawia majirani, na nguo zako anafua mkeo.

Zabibu Kavu, lowesha vumbi kwa maji ya sabuni, futa na kitambaa, funga kwenye mfuko kikiwa kibichi. Barakoa ya kitambaa haisaidii hapo.

Kompresa Baba Lao:
Hili sikulijua, dada. Asante.

Utingo Mstaafu:
Naongezea machache. Lori hilo lina zaidi ya tani 4 na udongo wa Hombolo unazama, kwa hiyo chini ya jeki weka ubao mpana, weka kabari, na usiingie uvunguni mpaka chesisi ikalie magogo. Betri: angalia kwanza kama ni volti 12 au 24, malori ya jeshi yako ya aina zote mbili.

Tangi ndilo linanitisha. Atakuja mtu atasema tulisuuze kwa maji kisha tuchomelee. Petroli inajificha kwenye kutu na kwenye maungio, ikipata joto inatoa mvuke, na tangi tupu linalipuka vibaya kuliko lililojaa. Mtengenezee jipya.

Zabibu Kavu:
Nimesoma yote mara mbili na kijana wangu. Kesho ni upepo wa tairi tu, basi, hatufungui kitu. Pancha Kizota, kizimba cha chuma unacho hapo kwako, au nichomeleshe changu? Na kama ni changu, nondo za unene gani?

Pancha Kizota:
Nondo acha, zinapinda. Ninacho cha bomba nene, leta rimu zikiwa hazina upepo. Narudia, hazina upepo.