Kukimbia baridi ya Ulaya Desemba: Kalangala, Diani, Zanzibar au Cape Town?

Binti_Walukuba
Habari zenu ndugu, niko Jinja, Uganda. Dada yangu anaishi Oslo, mwaka wa kumi na moja huu. Desemba anakuja na mume wake Mnorwei na watoto wawili, wa miaka 6 na 9, wiki tatu. Ananiambia kule mwezi huo jua linachomoza saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri limeshazama. Watoto wanaenda shule gizani, wanarudi gizani. Walipokuja mara ya mwisho, huyu mdogo alikuwa akiamka anajilaza kwenye mkeka barazani, macho kafumba, uso kauelekeza juani. Mama yetu alidhani anaumwa.

Wanataka siku saba hivi za maji na mchanga, na mama awe nao. Ana miaka 71 na goti linamsumbua. Krismasi lazima tuwe kijijini Kamuli, hilo halina mjadala. Mimi navutwa na Zanzibar, shemeji anataja Cape Town. Nipeni maoni ya mtu aliyefika, si ya picha.

Mvuvi_wa_Bugala
Nnyabo, usitoke nje ya nchi. Visiwa vya Ssese katika Ziwa Victoria viko 84, na Bugala, penye mji wa Kalangala, ndicho kikubwa. Unapanda feri pale Nakiwogo, Entebbe, mchana, na kabla ya giza uko Kalangala. Mkitokea Masaka, kivuko cha Bukakata hakitozi nauli. Joto la mchana ni nyuzi 26 au 27, usiku unajifunika shuka. Desemba mvua kubwa zinakuwa zinaisha, na sangara analiwa siku ileile aliyovuliwa.

Ila niseme kweli, kwa sababu ni watoto: kichocho kipo ziwani. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi, hasa kwenye majani na kwenye kina kifupi karibu na makazi ya watu. Kama shida yao kuu ni kuogelea kutwa nzima, tafuteni penye bwawa.

Mpemba_Ntinda
Zanzibar nimekaa miaka minne. Mwanzoni mwa Desemba mvua za vuli huwa hazijaisha vizuri, baadaye kaskazi inashika na joto linapanda hadi nyuzi 32. Watu wengi hukosea kuchagua upande. Paje na Jambiani maji yakipwa yanakwenda mbali mno. Utatembea mchangani hadi uchoke na bado hujafika kwenye maji ya kiuno. Wakati wa bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, ndiyo zaidi. Kwa watoto nenda Nungwi au Kendwa, kule maji hayakimbii sana.

Gharama za kuingia: wenye pasipoti ya Norwei viza dola 50 kila mtu, na tangu Oktoba 2024 kuna bima ya lazima, dola 44 kwa mtu mzima. Mkitokea Uganda, kadi za homa ya manjano ziwe mkononi.

Nesi_Gulu
Cape Town nilisoma. Hicho ndicho kiangazi chenyewe, Desemba jua linazama karibu saa mbili usiku. Lakini upande wa Atlantiki bahari ni barafu tupu kwa ajili ya mkondo wa Benguela, na upepo wa kusini-mashariki unakurushia mchanga machoni. Mnorwei hahitaji viza, wewe na mama mnahitaji. Kwa siku saba, sioni faida.

Jambo lingine, na tafadhali lichukue kwa uzito: watoto waliozaliwa Ulaya hawana kinga yoyote ya malaria, hata kama mama yao kakulia Jinja. Waanze dawa za kinga kabla hawajapanda ndege, na walale ndani ya neti kila usiku, Kamuli na pwani pia. Nimewapokea wodini watoto wa aina hiyo kila Januari. Mzazi anasema "nilidhani mafua ya safari." Homa yoyote, pimeni siku hiyohiyo.

Dereva_Malaba
Dada, kabla hamjafika mbali: mama ana pasipoti?

Binti_Walukuba
Hana kaka. Ana kitambulisho cha taifa tu.

Dereva_Malaba
Basi Zanzibar na Cape Town zimeondoka. Uganda, Kenya na Rwanda wananchi wanavuka kwa kitambulisho tangu 2014. Tanzania haimo kwenye mpango huo. Nawavusha wazee kila wiki, kadi tu inatosha.

Shemeji na watoto wachukue viza ya utalii ya Afrika Mashariki, dola 100, siku 90. Waombe kwa upande wa Uganda maana wanatua Entebbe. Hiyo inawaingiza Kenya na kuwarudisha bila kulipa tena. Wakienda Tanzania katikati, imekufa.

Na tarehe 20 hadi 24 msiwe barabarani. Nauli inapanda mara mbili na foleni ya mpakani inamkalisha mzee usiku kucha.

Mdigo_Kampala
Diani, pwani ya Kenya kusini mwa Mombasa, ni kwetu, kwa hiyo sifichi upendeleo. Toka Jinja na basi mpaka Nairobi, mlale hapo, msimbebeshe mama safari mbili mfululizo. Kesho yake treni ya SGR hadi Mombasa, mwendo wa saa tano au sita hivi, anakaa kitini vizuri na goti linanyooka. Tiketi kateni mapema sana, Desemba zinaisha. Stesheni iko Miritini, na sasa kuna barabara ya Dongo Kundu, hivyo gari linawapeleka kusini bila kupanga foleni ya feri Likoni.

Baharini, wavalisheni watoto viatu vya mpira. Kwenye miamba kuna urumbu, yule mnyama wa baharini mwenye miiba mwili mzima, na mwiba wake ukivunjikia kisiginoni mtoto analala akilia. Ogeleeni maji yakiwa yanajaa. Yakipwa, mama naye apelekwe kwenye vidimbwi vya miambani, maji ya uvuguvugu hayafiki gotini. Mama yangu akikaa pale nusu saa anarudi bila fimbo.

Binti_Walukuba
Nimempigia dada jana usiku, tumesoma yote pamoja, tumeamua Diani. Watue tarehe 8, tuondoke Jinja tarehe 10, turudi tarehe 18 kabla ya msongamano. Daktari wao wa Oslo ameshaahidi dawa za malaria. Kalangala tutakwenda siku mbili baada ya Krismasi, kula samaki tu.

Mama nilipomwambia habari ya vidimbwi ameuliza kama maji ya chumvi yanaharibu gomesi, lile gauni lake refu la kiasili. Mdigo, nimjibu nini?

Mdigo_Kampala
Mwambie alete leso mbili, gomesi aiache Kamuli.