MJADALA: Maktaba za umma zina kazi gani leo, au fedha yake iende kwenye intaneti ya bure?

Kodi Yangu (mleta mada)
Wakuu, juzi nilikuwa Maktaba Kuu pale Barabara ya Bibi Titi, namsubiri mtu. Nimekaa kama masaa mawili. Ukumbi umejaa, lakini sikuona hata mmoja akiazima kitabu. Kila mtu na daftari lake na simu yake. Nikajiuliza: lile jengo Mwalimu alilifungua tarehe 9 Desemba 1967, kitabu kikiwa bidhaa adimu. Leo vitabu vya kiada viko bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu. Sheria na hukumu za mahakama ziko kwenye tovuti ya TanzLII, husomi kwa kulipa. Sasa kwa nini tuendelee kugharamia majengo, rafu, dawa za mchwa na mishahara mikoa yote? Fedha hiyo ingewekwa kwenye Wi-Fi ya bure kila kata, mwananchi akapata taarifa hapo hapo alipo. Tuseme ukweli, wanaokwenda maktaba siku hizi ni wale wasio na meza nyumbani.

Tujadili kwa hoja.

Mtoto wa Tandale
Nilikuwa nakusoma kwa heshima mpaka sentensi ya mwisho. Mimi ndiye huyo asiye na meza. Chumba kimoja, tuko sita, kitanda na pazia, jirani ana baa. Kidato cha tano na sita nimesomea maktaba kuanzia wanafungua mpaka mlinzi anapiga kengele. Nilikuwa naenda na madaftari yangu, kweli, kitabu nilikuwa siazimi. Ungeniona siku hiyo ungeniandika kwenye hesabu yako ya watu wasiofanya chochote.

Kodi Yangu
Ndugu yangu sikukejeli mtu. Nimesema hali ilivyo.

Mama Wawili
Umekejeli. Neno "wale" limebeba kejeli yote. Wanangu wawili wanasomea pale Jumamosi na mimi meza ninayo, ila meza hiyo ndiyo ya kulia, ya kupigia pasi na ya baba yao kuwekea vocha anazouza. Kuna nyumba ngapi Dar es Salaam zenye meza ya mtoto kusomea peke yake?

Kibatari
Hapa sasa tunadekezana. Sisi tulisoma kwa kibatari, moshi unaingia puani, asubuhi unapiga chafya nyeusi. Kijijini kwetu maktaba tuliisikia redioni tu. Na tulifaulu. Mtu mwenye nia hahitaji serikali imwekee kiti.

Mtoto wa Tandale
Mzee wangu shikamoo. Uliofaulu nao walikuwa wangapi darasani, na ambao macho na moshi viliwashinda walikuwa wangapi? Wewe unaandika hapa kwa sababu ulipita. Waliobaki hawako hapa wakajieleza.

Kibatari
Marahaba. Tulikuwa arobaini na mbili, tulichaguliwa watatu. Lakini hiyo ni kwa sababu nafasi zilikuwa chache, si kwa sababu ya meza.

Mama Wawili
Watatu kati ya arobaini na mbili, na unatuambia mfumo huo ulifanya kazi.

Mkutubi Mstaafu
Naona mmegeukia meza, na ni haki yenu, lakini mimi limenichoma la "mishahara na dawa za mchwa". Nimefanya kazi ya ukutubi miaka mingi, masomo yake nimeyapata Bagamoyo. Watu wanadhani kazi yetu ni kusema "nyamazeni" na kugonga muhuri. Nitawapa kisa kimoja.

Alikuja mzee kutoka Morogoro vijijini. Ana kesi ya shamba, anaambiwa shamba liko ndani ya mpaka wa hifadhi ya msitu. Anatafuta tangazo lililoweka mpaka ule. Namba haijui, mwaka haujui. Alichokuwa nacho ni hiki tu: "Lilitoka mwaka wa njaa, ule tuliokula unga wa yanga." Ukiandika maneno hayo kwenye simu utaletewa timu ya mpira. Sisi tulijua anazungumzia 1974, labda na mwaka uliofuata, ile njaa iliyotuletea mahindi ya njano kutoka nje. Gazeti la Serikali hutoka kila Ijumaa. Tukashusha majalada, tukaanza Januari, ukurasa kwa ukurasa. Siku ya pili tukalipata, limekaa katikati ya matangazo ya mirathi na majina ya watumishi waliopandishwa vyeo. Mzee akatoa nakala kivuli, akaenda nayo. Kesi iliishaje sijui, ila alikwenda barazani na karatasi mkononi.

Hayo ndiyo mnayoita dawa za mchwa. Mchwa angelila jalada lile, mzee asingekuwa na ushahidi.

Fundi wa Kodi
Shikamoo mkutubi. Kisa chako kinaonyesha tatizo, hakionyeshi suluhisho. Siku mbili kushusha majalada! Yote yangepigwa skani, maandishi yakasomwa na kompyuta, mzee angelipata kwa sekunde akiwa Morogoro na nauli angebaki nayo. Mimi siko upande wa kufunga maktaba, niko upande wa kuifungua itoke nje ya kuta.

Mkutubi Mstaafu
Marahaba mwanangu. Hiyo naiunga mkono kwa mikono miwili, tena tuliiomba kabla hujazaliwa. Lakini nani atapiga skani? Karatasi ya miaka ya sabini inavunjika ukiikunja. Wino umefifia, kompyuta inasoma "Kilosa" inaandika "Kitosa". Lazima mtu akae arekebishe. Mtu huyo ni mkutubi, na mshahara wake ndio mleta mada anataka kuuhamishia kwenye Wi-Fi. Ukishaweka hiyo Wi-Fi bila kazi hii, mzee wa Morogoro ataingia bure kabisa mahali ambapo tangazo lake halipo.

Ngurumo ya Zamani
Hapo pana uzito. Nimewahi kutafuta matoleo ya gazeti la Ngurumo ya miaka ya sitini, kuna habari za babu yangu wakati wa chama cha makuli. Mtandaoni sikupata hata moja. Nyaraka za Taifa pale Upanga kuna majalada ya Wajerumani ambayo UNESCO iliyaingiza kwenye orodha ya kumbukumbu za dunia 1997. Yameandikwa kwa mwandiko wa Kijerumani cha zamani ambao hata Wajerumani wa leo wengi hawausomi. Yamo mashauri ya mababu zetu, nani alilipishwa kodi ya nyumba, nani alifungwa mnyororo. Anayetaka kujua lazima aende, akae, na apate wa kumwelekeza.

Nairobi Mashariki
Jirani, habari zenu. Huku kwetu tulipitia mjadala huu huu. Maktaba ya McMillan ilifunguliwa 1931, ina simba wa mawe mlangoni, na Mwafrika hakuruhusiwa kuingia mpaka 1958. Miaka ya karibuni kikundi cha Book Bunk kimekarabati matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Pale Kaloleni watoto wanajaa. Hamna anayeuliza kama wameazima kitabu. Na Garissa vitabu vimepelekwa kwa ngamia tangu 1996, kwa wafugaji wanaohama. Intaneti huko bado ni hadithi, ngamia anafika.

Kibatari
Kila mada lazima Mkenya aje atuonyeshe ngamia wake.

Nairobi Mashariki
Mzee sijaja kujionyesha. Mama yangu alizaliwa Kaloleni. Bibi alikuwa anapita nje ya McMillan na mzigo kichwani, anaona Wazungu wanapanda ngazi. Kwa hiyo mtu akisema maktaba ni ya wasio na meza, mimi nasikia lango lile likifungwa tena, safari hii kwa jina la teknolojia. Hilo ndilo lililonileta.

Kibatari
Basi nisamehe. Sikujua.

Raia Namba Moja
Turudi kwenye taarifa, maana mleta mada anasema mwananchi atazipata alipo. Nilikwenda ofisi moja ya umma, sitaitaja, kuomba ramani ya mipango miji ya mtaa wetu. Tulisikia barabara inapita kwenye nyumba zetu. Wakaniambia "iko kwenye tovuti". Tovuti haifunguki. Nikarudi, wakasema wizara imebadilishwa muundo, tovuti ya zamani imehamishwa. Imehamishiwa wapi, hakuna anayejua. Nikawaambia sheria inawapa siku 21 kunijibu. Walicheka.

Wakili wa Mtaani
Walicheka kwa sababu umewatajia sheria ya Kenya. Yao ndiyo yenye siku 21. Yetu ni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, na inatoa siku 30. Andika barua, usiende kwa mdomo. Weka jina lako, anwani, na maelezo ya taarifa unayotaka. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wakikunyima una haki ya kuomba mkuu wa taasisi aupitie upya uamuzi huo. Na Ibara ya 18 ya Katiba iko nyuma yako.

Nairobi Mashariki
Nathibitisha, 21 ni yetu. Kwetu ni Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010, na sheria yake nayo ni ya 2016.

Raia Namba Moja
Asante wakili. Hiyo sheria nisome wapi?

Wakili wa Mtaani
TanzLII iko. Kwa Kiingereza.

Mama Wawili
Hapo ndipo hasira yangu inapopanda. Sheria ya kumpa mwananchi taarifa, mwananchi mwenyewe asomewe na wakili! 2021 Bunge limeshapitisha Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Tunasubiri tafsiri. Mpaka leo mtu wa Mbagala akiwa na bando kamili mfukoni anafungua ukurasa wa bure, halafu hauelewi. Hiyo nayo tuiite ameifikia taarifa?

Fundi wa Kodi
Programu za kutafsiri zipo siku hizi.

Wakili wa Mtaani
Zipo, na nimeona mteja amekuja na tafsiri ya namna hiyo, "may" na "shall" zote zimekuwa "anaweza". Kwenye sheria tofauti ya maneno hayo mawili ni nyumba yako kubomolewa au kubaki. Usiwashauri watu hivyo.

Kodi Yangu
Naomba nirudi, maana nimepigwa sana. Bado nasimamia hoja kwamba maktaba nyingi za mikoa zina vitabu vya zamani vya kutoka kwa wafadhili, vya theluji na treni za London, na hakuna intaneti ndani. Mtoto anapanda daladala mbili kwenda kukaa kwenye kiti. Wi-Fi ingemfuata mtaani kwake.

Mtoto wa Tandale
Ingemfuata mpaka kwenye chumba cha watu sita. Umeona unavyolikwepa?

Salio Sifuri
Na ikizimwa? Oktoba 2025 intaneti ilizimwa nchi nzima siku ya uchaguzi, na ilichukua siku kadhaa kurudi. Mimi nauza kwa simu, nilikaa kama kipofu. Taarifa yote ya nchi ukiiweka kwenye waya mmoja, mwenye swichi ndiye anakuwa mkutubi mkuu.

Kibatari
Siku hizo hata maktaba usingekwenda, Dar watu walikatazwa kutoka nje jioni na watumishi waliambiwa wafanyie kazi nyumbani. Usiitumie hiyo.

Salio Sifuri
Kweli usingekwenda. Lakini kitabu ulichokiazima wiki iliyopita kingekuwa mezani kwako, na hakuna ofisi inayoweza kukifuta ukiwa umelala. Mwaka 2024 mahakama ya rufaa Marekani ilithibitisha kwamba Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, ilivunja hakimiliki kwa kuazimisha nakala za kidijitali walizoskani wenyewe, na kwa ajili ya kesi hiyo vitabu kama laki tano viliondolewa kwenye azima. Mimi nilikuwa nasoma kimoja, nusu. Asubuhi hakipo.

Fundi wa Kodi
Wachapishaji nao wana haki yao, mwandishi lazima ale.

Salio Sifuri
Ale. Ila maktaba ikinunua kitabu cha karatasi inakiazimisha mpaka kichakae, na hakuna anayemwita mkutubi mwizi.

Mama Wawili
Mimi nina ombi moja kwa wakubwa kama wanapita hapa: kiingilio cha watoto kifutwe. Nauli ni kubwa tayari. Mkifuta hicho, mleta mada atapata ukumbi uliojaa zaidi ya ule aliouona.

Kodi Yangu
Hilo la kiingilio nakubaliana nawe. Na ile sentensi ya "wale wasio na meza" naiondoa. Hoja ya Wi-Fi naibakiza, ila iwekwe ndani ya maktaba kwanza, kabla ya kata.

Mtoto wa Tandale
Nimeiona. Asante.

Kibatari
Mkutubi, nina swali lisilohusu ugomvi huu. Kijiji chetu kilihamishwa wakati wa Operesheni Vijiji, sasa kuna mgogoro na kijiji jirani. Wazee wanasema kuandikishwa kwetu kulitangazwa. Nikitaka kutafuta naanzia wapi? Niko Dodoma.

Mkutubi Mstaafu
Anza na mwaka. Waulize wazee mlihamishwa kabla au baada ya ile njaa, na mvua zilikuwa zimeanza au bado. Andika jina la zamani la kijiji na jina la sasa, na wilaya ilikuwa inaitwaje wakati huo, maana mipaka ya wilaya imebadilika sana. Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ni ya 1975, kwa hiyo kuandikishwa rasmi tutegemee kuanzia hapo kwenda mbele. Ukiwa na hayo matatu nenda maktaba ya mkoa, mwone mkutubi wa zamu, mwombe awasiliane na Maktaba Kuu. Nitumie mimi pia kwa ujumbe wa faragha. Wenzangu wawili bado wako kazini, na majalada ya 1975 na 1976 najua yamekaa rafu gani.

Kibatari
Kabla ya njaa, nakumbuka. Tulivuna ya mwisho kule kule. Nampigia kaka yangu sasa hivi anipe jina la wilaya.