Rifa nzima, ndege au kuchangia kontena: mzigo wa baridi upite wapi?

Mchuuzi_Baridi
Wakuu habari zenu. Nina mizigo miwili ya kupeleka nje ya nchi, minofu ya samaki ya kugandishwa kama tani nne kwa kuanzia, na matunda mabichi ambayo kiasi chake kinapanda na kushuka kufuata msimu. Njia nilizopewa ni tatu: kuchukua rifa nzima (kontena lenye mashine yake ya baridi) kwa meli, ndege kwenye maboksi ya foam na barafu kavu, au kuchangia rifa na watu wengine. Kila ninayemuuliza anasifia anachouza yeye. Nyie mlioungua mnasemaje?

Fundi_Kompresa
Kabla ya kuchagua njia, rifa sio friza. Hilo ndo linalowaumiza wengi, mtu anapakia mzigo umepoa nusunusu anasema aah utaganda njiani. Hautaganda kama unavyodhani, ile mashine kazi yake ni kutunza baridi ambayo mzigo umekuja nayo, ukiingiza samaki wa nyuzi -8 halafu ukaweka setingi -18 basi maboksi ya pembeni yatashuka ila ya katikati ya paleti yatasuasua siku na siku na huo muda wote ubora unaondoka. Siku ya kupakia toboa boksi moja, chomeka kipimajoto cha sindano katikati ya mnofu usome pale. Usisome ukutani kwa chumba cha baridi, ukuta hauliwi.

Pili upangaji. Kwenye rifa hewa ya baridi inatokea chini kwenye sakafu ya mifereji, inapanda, inarudi kwenye mashine kwa juu. Ndo maana kuna ule mstari mwekundu ukutani, ukipanga kuuzidi umeziba njia ya hewa kurudi. Mzigo wa kugandishwa unaupanga umebanana, hewa iuzunguke tu kwa nje. Matunda hapana, matunda bado yako hai, yanapumua na yanatoa joto lake yenyewe, kwa hiyo hewa lazima ipite katikati ya maboksi na matundu ya boksi la juu yakutane na ya chini. Nimeona watu wananunua boksi zuri lenye matundu alafu wanazipanga kama matofali, matundu yote yameangalia ubavu wa boksi jingine.

Juu_kwa_Juu
Mimi nitasema ndege kwa vyote, mwanzo. Ghali ndio, lakini siku mbili tatu mzigo umefika, mteja ameuona, hujalala macho wiki nne unawaza meli.

Wakala_Mstaafu
@Juu_kwa_Juu kaka hapo kidogo. Ndege yenyewe ina haraka, mzigo hauna. Hesabu saa za kuwa angani na saa za kuwa chini, chini ndo kwingi. Niliwahi kusimamia mzigo wa matunda ulitua saa sita mchana jua la utosi, paleti imezungushiwa nailoni yote, ikakaa kwenye lami karibu masaa matatu inasubiri trekta. Tulipoichana ule mvuke uliotoka nilirudi nyuma hatua moja, boksi za juu zilikuwa zinatoa jasho. Na karatasi ya usafiri imeandikwa vizuri kabisa nyuzi 2 hadi 8.

Barafu kavu nayo isichukuliwe kirahisi. Ina nyuzi -78.5, na haiyeyuki kuwa maji, inageuka gesi ya kaboni dioksaidi moja kwa moja. Kwa hiyo boksi lisizibwe likakosa pa kupumulia, litavimba lipasuke. Kwa ndege inahesabika mzigo hatari, namba yake UN 1845, unaandika nje ya boksi kilo ngapi umeweka na shirika la ndege lina kiwango chake cha mwisho kwa safari moja, ukikutana na mwenzio kajaza nafasi wewe unabaki. Kwa minofu ni nzuri. Kwa matunda usijaribu, yataungua kwa baridi, hayo weka pakiti za kawaida za jeli ya baridi.

MamaMatunda
Naongelea kuchangia maana huko nimekaa sana. Kwa mzigo wa kugandishwa kuchangia ni sawa tu, karibu kila mtu anataka -18 kwa hiyo mnaelewana. Kwa mabichi ndo kasheshe, rifa moja setingi moja. Ndizi mbichi ukizishusha sana chini ya nyuzi 13 ganda linakuwa la kijivu na kuiva haziivi vizuri tena, wakati mwenzako na tufaha zake anataka karibu na 0. Nani ampishe nani?

Alafu kuna ethilini, ile gesi ya kuivisha. Tufaha na maparachichi wanaitoa, letusi haiitaki kabisa. Mimi letusi yangu iliwekwa na tufaha za watu, setingi ilikuwa sahihi, grafu imenyooka safari nzima, nafungua naona madoa ya kahawia kwenye uti wa kila jani. Nikaenda kudai naambiwa dada baridi ilikuwepo. Kweli ilikuwepo 😅

Na uliza wenzio karatasi zao zikoje. Mmoja cheti chake cha afya ya mimea kikiwa na kosa kontena lote linasimama, wako wewe ni safi lakini umefungiwa humohumo.

Mgeni22
Samahani wataalam, mimi data loga yangu (kile kifaa cha kurekodi joto njiani) ilionyesha kwenye setingi ya -18 kuna saa joto limepanda mpaka kama -9 alafu likashuka lenyewe, na hivi tena mara kadhaa. Mzigo si umeharibika huo?

Fundi_Kompresa
@Mgeni22 tulia, loga uliibandika wapi? Kama ni pale hewa inapotokea au karibu na mashine hiyo inaweza kuwa difrosti, mashine inajiyeyushia barafu kwenye koili zake. Hewa inapanda kwa muda mfupi, mnofu katikati haujui kama kuna kitu kimetokea. Kama inatokea kwa mpangilio na inakatika haraka sina wasiwasi. Ikipanda ikakaa masaa, hapo huenda plagi ilikuwa imechomolewa mahali, na mara nyingi ni pale kontena linapobadilisha meli. Loga nyingine izike katikati ya mzigo, na omba rekodi ya mashine yenyewe, rifa inajiandikia kila kitu.

Difrosti zikizidi angalia venti, lile tundu la kuingizia hewa ya nje. Mzigo wa kugandishwa venti inafungwa kabisa. Ukiiacha wazi hewa yenye unyevu inaingia inaganda kwenye koili.

Wakala_Mstaafu
Ongezea: setingi iandikwe na alama. Nimeshika kwa mkono wangu hati imeandikwa "18" tupu, bila kutoa mbele, na watu wa yadi ya makontena wakaweka kama ilivyoandikwa. Minofu kwenye nyuzi 18 juu ya sifuri. Harufu ilituita kabla ya simu.

Na bima soma. Kuna zile za vyakula vya kugandishwa zinazolipa pale tu mashine ikiwa imesimama angalau saa 24 mfululizo. Imezima saa ishirini, ikawaka, ikazima tena saa ishirini, huna kitu.

Juu_kwa_Juu
Sawa nimepunguza kelele. Ila matunda ya msimu mfupi bado nasema ndege.

MamaMatunda
Inategemea tunda bwana. Parachichi likivunwa likiwa gumu meli inalifikisha vizuri, hasa kontena la kupunguza oksijeni na kuongeza kaboni dioksaidi, linalala kabisa. Beri ndo kidogo upande ndege. Pia muulize mnunuzi kama nchi yake inataka matibabu ya baridi kwa ajili ya nzi wa matunda, hapo vipimajoto vinachomekwa ndani ya matunda na siku zinahesabiwa, joto likizidi kiwango hesabu inaweza kuanza upya.

Mchuuzi_Baridi
Asanteni sana. Basi tani nne kwa rifa nzima ni kusafirisha hewa, minofu naanza kwa kuchangia. Matunda nasubiri jibu la mnunuzi kwanza. Alhamisi naenda kuona chumba cha baridi cha huyo anayekusanya mizigo ya watu kwenye kontena moja, niangalie nini?

Fundi_Kompresa
Mlango. Kama mapazia ya plastiki yamekatika na watu wanauacha wazi wakipiga stori, tayari umeshajua. Inua macho dari ya karibu na mlango, ukiona theluji imening'inia ni hewa ya nje inaingia kila siku. Alafu omba wakufungulie boksi la mtu mwingine lililokaa muda. Ukikuta chembe za barafu zimejaa ndani ya nailoni, hilo huenda limeyeyuka likaganda tena. Usibishane nao, aga uondoke.